Sarafu za Varus: ilipookotwa ni muhimu kuliko ilivyo

Leo tuache habari za programu kidogo, ingawa tutarudi huko huko. Tuongee kuhusu watu wanaozunguka misituni na mashine ya kutambua metali wakitafuta sarafu za kale, hasa mmoja wao: Tony Clunn, mwanajeshi Mwingereza aliyekuwa kambini Osnabrück, Ujerumani, mwaka 1987.

Kwanza historia. Mwaka 9 baada ya Kristo, Varus, jenerali wa Kirumi, alipita kwenye misitu ya huko na legioni tatu: ya 17, ya 18 na ya 19. Arminius, Mjerumani aliyekuwa ametumikia jeshi hilo hilo la Roma na ambaye Varus alimwamini, akawavizia. Ndani ya siku chache legioni zote tatu ziliangamizwa na Varus akajiua. Ni wapi hasa? Watu walibishana kwa karne nyingi. Sanamu kubwa ya Arminius ilikamilika karibu na Detmold mwaka 1875, makumi ya kilomita kutoka ninakokupeleka.

Mwaka 1885 mwanahistoria Theodor Mommsen alisema vita vilikuwa Kalkriese, kaskazini mwa Osnabrück. Ushahidi wake ulikuwa sarafu za Kirumi zilizookotwa mashambani huko na kukusanywa na familia ya von Bar, wenye ardhi. Wengi walikataa. Sarafu zilikuwepo, sawa, lakini nani angeonyesha kila moja ilitoka wapi, na ililala jirani na nini? Baadaye mkusanyiko wenyewe ukapotea. Kilichobaki ni orodha aliyoiandika Julius Menadier. (Jamani, wekeni nakala rudufu!)

Clunn, kabla ya kuwasha mashine, alimwendea Wolfgang Schlüter, mwanaakiolojia wa eneo hilo, akaomba ushauri. Mashine yenyewe si muujiza. Koili inapitishiwa umeme unaobadilika-badilika, metali iliyo ardhini inajibu kwa kijimkondo chake, nawe unasikia mlio. Haikwambii kama ni denari au kifuniko cha soda. Clunn alipata denari za fedha zaidi ya 100, na mwaka 1988 akapata vipande vitatu vya risasi vya kurushwa kwa teo. Hivyo vitatu vilikuwa na uzito kuliko fedha yote. Sarafu hata mfanyabiashara huangusha, lakini silaha humaanisha askari. Uchimbaji rasmi ukaanza 1989.

Sasa sikiliza hii. Baadhi ya sarafu za shaba za Kalkriese zimegongwa muhuri wa VAR, jina la Varus, aliyetawala huko kuanzia mwaka 7. Yaani faili moja ina tarehe ya kuundwa na tarehe ya kubadilishwa! Na katika sarafu zote za uwanja huo wa vita, hakuna iliyotengenezwa baada ya mwaka 9. Ni kama kumbukumbu za seva zinazokatika ghafla usiku wa manane.

Wapo wanaobisha bado, wakisema huenda ni vita vya Germanicus vya miaka michache baadaye. Mwaka 2022 watafiti walilinganisha kemia ya metali za Kalkriese na zile za kambi ya legioni ya 19 huko Dangstetten, wakaona zinafanana. Mimi niko upande wa Varus.

Lakini kinachonishika zaidi ni nyumbu. Wachimbaji walikuta mifupa yake na kengele yake, na ndani ya kengele kulikuwa na majani yaliyoshindiliwa ili isilie. Kuna askari alitaka kupita kimya. Mwizi mwenye mashine angeichomoa kengele usiku, akakung'uta yale majani, akaenda sokoni.

Na wewe unayetaka kuagiza mashine ukazunguke nayo kwenye msitu wa magofu ya Gede: hapa Kenya sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inadai leseni kwanza.