Kalenda za Simu Ziliwasahau Wanaongoja Nje

Kama umewahi kutafuta kazi, hii unaijua. Unaandikia ofisi imeli: Jumanne ni sawa? Hapana. Alhamisi je? Kimya. Wiki imeisha na wewe bado unangoja.

Shida ilianza zamani. Waliotengeneza kalenda za kompyuta walifikiria watu wa ofisi moja. Outlook ilitoka 1997, na kwa kampuni iliyokuwa na mtambo wake, bosi aliona saa gani mfanyakazi ako free na kuweka mkutano hapo hapo. 1998 ikaja iCalendar, lugha moja ya kuwezesha kalenda za kampuni tofauti kuelewana. 2006, Google Calendar, tena bure. Poa, lakini msee wa nje alibaki kubisha tu.

Aliyefungua huo mlango alikuwa mwenyewe anabisha. Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos, alikuwa anauza programu Marekani, na kupata tu miadi na wateja ilikuwa imeli juu ya imeli. 2013, akiwa Atlanta, aliweka akiba yake yote kwa Calendly. Kazi ya kodi ikafanywa na wahandisi wa Kyiv. Unatuma linki, mwenzako anachagua saa iliyo wazi, basi. Kufikia 2021 kampuni ilithaminiwa dola bilioni 3.

Kuna wanaosema kutumiwa linki ni madharau. Sawa, lakini manze, wengi wao huwa mabosi. Sijawahi sikia mtu anayetafuta kazi akilia ati amechaguliwa saa nyingi sana.