Kauli za Wachoma Makaa

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege ya rafadha nne, aina ya DC-6, ilianguka msituni karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ndani yake alikuwamo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa safarini kutafuta suluhu ya vita vya Katanga. Kati ya watu 16, mmoja tu aliokotwa hai, naye akafariki siku chache baadaye.

Zama zile ndege ziliangushwa na mengi: chuma kuchoka, injini kuwaka moto, ukungu kuficha mlima. Tume ya wakoloni ya mwaka 1962 ilimtwika rubani lawama: alishuka chini mno. Maiti hana kinywa cha kujitetea. Wenye vinywa walikuwapo, wachoma makaa wa msitu ule, na baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani. Kauli zao zilipuuzwa.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi uchunguzi mpya Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Aliwapa mashahidi wale uzito wao, na mwaka 2017 akaandika kwamba yamkini ndege ilishambuliwa au kutishwa. Yamkini si hukumu.

Hammarskjöld alikuwa mshairi pia. Tungo alizoziacha zilichapishwa mwaka 1963. Kauli za wachoma makaa zilingoja nusu karne kupata msikilizaji.