Haki ya Rede: Michezo, Fimbo na Makuzi ya Kimaadili ya Mtoto wa Shule ya Msingi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza makuzi ya kimaadili na kihisia ya mtoto wa miaka 7 hadi 12 kwa kutazama maeneo matatu ya maisha ya shule ya msingi nchini Tanzania: uwanja wa michezo, adhabu, na madaraka wanayopewa wanafunzi. Hoja yake ni kwamba dhamiri ya mtoto hukomaa pale anapopata nafasi ya kuamua, kukosea na kutengeneza alichoharibu mbele ya wenzake. Fimbo na mtihani, hata vikitumiwa kwa nia njema, haviwezi kuifanya kazi hiyo.

Sheria za uwanjani

Kengele ya mapumziko inapolia, wasichana wa darasa la nne hukimbilia kivulini na chupa yao ya plastiki na mpira wa soksi iliyojazwa matambara. Wanacheza rede. Wawili husimama huku na huku wakirusha mpira. Aliye katikati hujaza mchanga chupani huku akiukwepa. Haichukui muda ugomvi huzuka. Mrushaji hudai mpira umemgusa mwenzake. Mwenye chupa huapa kwamba umegusa sketi tu, na sketi si mwili. Mchezo husimama. Mmoja hukumbusha jana ilivyoamuliwa, mwingine hujibu kwamba jana walikuwa wakicheza na wadogo. Mwishowe hukubaliana: safari hii arudie, lakini kuanzia zamu ijayo sketi itahesabiwa kwa wote. Mwalimu wa zamu akipita husikia kelele. Kilichokuwa kikiendelea pale ni baraza kamili: kuna dai, ushahidi, hukumu iliyotangulia, na sheria inayotungwa kwa ridhaa ya wale watakaoifuata.

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliuchukulia ugomvi wa namna hii kwa uzito unaostahili. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu hukumu za kimaadili za watoto, alieleza namna alivyowachunguza watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi. Wadogo waliamini kwamba sheria za mchezo zimetoka kwa wakubwa na haziguswi; hata hivyo, walipocheza, kila mmoja alicheza atakavyo. Wa miaka kumi na zaidi waliona sheria ni makubaliano yanayoweza kubadilishwa wote wakiridhia, na hao ndio waliozishika kwelikweli. Sheria iliyoteremshwa kutoka juu iliheshimiwa mdomoni; ile waliyoafikiana wenyewe iliheshimiwa mchezoni.

Piaget aliona pia kwamba michezo ya wasichana haikuwa na sheria zilizopevuka kama za wavulana. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Carol Gilligan alizikosoa nadharia za maadili zilizomfanya mvulana kuwa kipimo cha mtoto yeyote. Kwetu, rede inaunga mkono ukosoaji huo. Ni mchezo wa wasichana hasa, una sheria nyingi zinazotofautiana mtaa kwa mtaa, na mtoto anayehama shule hulazimika kujadiliana upya namna ya kucheza.

Uwanja huo hulea hisia pia. Katika kombolela, mchezo wa kujificha, waliogunduliwa mafichoni huwa mateka, na aliyebaki amejificha ana uamuzi wa kufanya: akae salama alipo, au atoke mbio akalipige kopo teke ili awakomboe wenzake, huku akijua anaweza kukamatwa. Mtoto mwoga akithubutu siku moja, atatembea tofauti wiki nzima. Muda wa kujifunza mambo haya unazidi kumegwa na masomo ya ziada ya asubuhi, ya jioni na ya Jumamosi, na kila unapomegwa tunaamini tumemwongezea mtoto elimu.

Fimbo moja kwa makosa yote

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Elliot Turiel alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hata watoto wadogo hutenganisha aina mbili za makosa. Ukimwuliza mtoto kama ni vibaya kuja bila sare siku ambayo mwalimu ameruhusu, atasema si vibaya. Ukimwuliza kama ni sawa kumpiga mwenzake siku ambayo mwalimu ameruhusu, atakataa, kwa kuwa mwenzake ataumia. Kosa la kwanza limewekwa na utaratibu; la pili ni kosa kwa sababu ya mtu anayedhurika. Mtoto huingia darasa la kwanza akiwa tayari na mizani hii.

Shule zetu nyingi huivuruga. Mstarini asubuhi, aliyechelewa kufanya namba, yaani usafi wa asubuhi, aliyesahau kuchomekea shati na aliyemwibia mwenzake kalamu husimama safu moja na kupokea viboko vilevile kutoka mkono uleule. Mambo yakienda hivyo kwa miaka sita au saba, mtoto hujifunza kwamba kosa ni kitu kinacholeta fimbo, na pasipo na wa kumwona hakuna kosa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 za Tanzania Bara zinakiri kwamba fimbo haikukusudiwa kwa kila kosa: zinataka itolewe kwa utovu mkubwa wa nidhamu, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Umbali kati ya kanuni hizo na desturi za mstarini anaufahamu kila aliyesoma katika shule zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwakuta karibu robo tatu ya vijana wakisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Jirani zetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001.

Maumivu ya mwili ni sehemu moja tu ya hasara. Mwanafunzi aliyevunja rula ya mwenzake kwa hasira akichapwa viwili, deni amelilipa kwa mwalimu. Mwenye rula hakulipwa kitu, wala hakuulizwa kitu. Martin Hoffman, aliyechunguza kwa miaka mingi chimbuko la huruma, alionyesha uwezo wa njia nyingine: kumweleza mtoto jinsi tendo lake lilivyomuumiza mwenzake, kisha kumtaka arekebishe. Kiswahili kinatusaidia kuielewa tofauti hii. Aibu huletwa na macho ya watu na huisha wakitawanyika. Nafsi inapomsuta mtu, humsuta hata akiwa peke yake. Ili nafsi ijifunze kusuta, lazima mtoto aelekezwe kumtazama aliyemdhulumu, na fimbo humfanya amtazame anayemchapa.

Kutumwa na kuaminiwa

Huko Katete, mashariki mwa Zambia, mwanasaikolojia Robert Serpell aliwauliza wanakijiji wa Kichewa wangemtuma mtoto gani kazi muhimu, na kwa nini. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 anaeleza kwamba akili waliyoisifu, *nzelu*, ilikuwa na sehemu mbili: werevu, na *kutumikila*, yaani kutumwa jambo ukaaminika. Neno hilo ni ndugu wa kutumikia kwetu. Werevu usio na uaminifu haukuhesabiwa kuwa akili. Nasi mtoto mwepesi wa namna hiyo tunamwita mjanja, na hatumpi hela akatununulie unga.

Tukipima shule kwa kipimo hicho, tuutazame ukiranja. Mwalimu anapotoka, kiranja huchukua chaki na kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Rafiki zake husahaulika, adui huandikwa kwanza, na wote wanajua kinachofuata mwalimu akirudi. Mtoto mmoja amefundishwa kutawala kwa hofu. Hamsini wamefundishwa kumbembeleza mtawala. Wakati huohuo, maadili yana kitabu chake na karatasi yake ya mtihani, na mwanafunzi anaweza kuchagua jibu sahihi kuhusu uwajibikaji asiwe amewajibika kwa lolote tangu Januari.

Pingamizi na jibu

Mwalimu mwenye watoto themanini darasani ana haki ya kuuliza ni lini atakaa kusuluhisha rula. Na mzazi atakumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Pingamizi hizi ni nzito, na anayezidharau hajawahi kushika zamu.

Kuhusu idadi, ipo historia ya kujifunzia. Daktari Janusz Korczak aliongoza kituo cha watoto yatima mjini Warsaw tangu mwaka 1912, chenye watoto zaidi ya mia na wafanyakazi wachache. Alianzisha mahakama ambayo waamuzi wake walikuwa watoto wenyewe, wakichaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa wasio na kesi wiki hiyo. Vifungu vya mwanzo vya sheria zake, karibu mia, vilikuwa vya kusamehe. Mtoto aliweza kumshtaki hata mlezi, na Korczak mwenyewe alisimama mbele ya mahakama hiyo na kuhukumiwa. Agosti 1942 alikwenda pamoja na watoto wake Treblinka, walikouawa na Wanazi. Mtu huyu hakuwa na madarasa madogo wala nyakati rahisi. Wingi wa watoto ndio uliomfanya awakabidhi kazi ya haki.

Kuhusu mithali, kumchelea mwana ni kumwacha akwepe matokeo ya alilotenda. Kumwomba radhi uliyemuumiza, kutafuta rula nyingine, na kurudi mbele ya darasa wiki ijayo kueleza kama ahadi imetimizwa ni mambo magumu kuliko viboko viwili. Watoto wengi, wakipewa hiari, wangechagua viboko.

Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa hayahitaji bajeti mpya. Kila darasa lipate nusu saa kwa wiki ya baraza, wanafunzi wakiamua migogoro yao na mwalimu akiwa mlezi wa kikao. Ukiranja uwe wa zamu ili kila mtoto aonje kuaminiwa, na orodha ya wapiga kelele ifutwe. Makosa ya utaratibu yatenganishwe na dhuluma, na dhuluma imalizwe kwa fidia. Mapumziko yaachwe yawe mapumziko.

Na mwalimu wa zamu, akiusikia ugomvi wa sketi na mpira, asubiri kidogo kabla ya kupuliza filimbi. Wakimwita, aende. Wasipomwita, awaache wamalize shauri lao, kwa sababu kesho watataka kucheza tena, na wanajua hawawezi kucheza bila wenzao.