Wapiganaji wa Kingoni na Lugha ya Mama Zao

Mimi ni Mngoni kutoka Chipata, mashariki mwa Zambia. Mtu akisikia jina la kabila letu hufikiria mkuki na ngao. Katika insha hii nitaeleza kazi ya wapiganaji katika historia yetu, kwa sababu naona kwamba kazi yao kubwa haikuwa kuua watu, bali kuongeza watu.

Historia yetu inaanzia Afrika Kusini. Shaka, mfalme wa Wazulu, alipowashinda Wandwandwe, Zwangendaba alikimbilia kaskazini pamoja na wafuasi wake. Mnamo Novemba 1835 walivuka mto Zambezi. Wazee husimulia kwamba siku hiyo jua lilipatwa. Wakaendelea mpaka Ufipa, ambayo sasa iko Tanzania, na huko Zwangendaba akafariki katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu waligawanyika. Mpezeni alikuja kwetu, Mbelwa alikwenda Malawi, na wengine walielekea Unyamwezi.

Je, kundi lililokimbia vita liliwezaje kwenda mbali hivyo na bado likazidi kuwa kubwa? Jibu ni jeshi. Vijana waliwekwa katika vikosi kwa rika, si kwa ukoo. Kijana aliyetekwa alitobolewa masikio kama Wangoni, akapewa ngao, akapigana pamoja na wana wa watu waliomteka. Akiwa hodari, aliweza kupata ng'ombe na mke, hata kuongoza wenzake. Jeshi lilikuwa kama shule: aliingia Mnsenga, akatoka Mngoni.

Lakini gharama ya shule hiyo walilipa wengine. Vijiji vilichomwa moto, chakula kikachukuliwa, watoto wakatengwa na wazazi wao. Shujaa wetu alikuwa mnyang'anyi kwa majirani. Katika ukoo wangu wamo wote wawili, aliyeteka na aliyetekwa, kwa hiyo siwezi kumsifu mmoja na kumsahau mwingine.

Tena aliyetekwa naye alishinda kwa njia yake. Baba alikuwa vitani, mtoto alibaki na mama, na mama wengi walikuwa mateka. Waswahili husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndiyo maana leo sisi wa Mpezeni tunasema Kinsenga, na ndugu zetu wa Mbelwa wanasema Kitumbuka. Lugha ya Zwangendaba imebaki zaidi katika nyimbo na majina ya sifa.

Mwaka 1898 Waingereza walitushambulia. Nsingu, mwana wa Mpezeni, aliwaongoza wapiganaji, lakini mikuki haikuweza kushindana na bunduki za Maxim. Nsingu alikamatwa, akapigwa risasi. Ng'ombe wetu wengi walichukuliwa, na sherehe yetu ya Nc'wala ikakoma. Ilirudishwa mwaka 1980, na kila Februari wanaume hucheza na ngao zao kule Mtenguleni mbele ya Mpezeni.

Kwa maoni yangu, wapiganaji walijenga taifa, lakini hawakulijenga peke yao. Kazi yao ilivunjwa kwa muda mfupi na watu wenye silaha kali zaidi. Kazi ya akina mama wale, ambao majina yao hayaimbwi Mtenguleni, bado imo vinywani mwetu kila siku.