Kilimanjaro: mlima mmoja, vimo vingi

Oktoba 6 ni siku ambayo, mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kilimanjaro. Kibao cha kilele hicho, Uhuru, ambacho kila mpandaji hupiga nacho picha, kinasema mita 5,895. Hesabu hiyo ni ya wapimaji wa Kiingereza, ya mwaka 1952. Lakini kabla watu hawajabishania mita, walibishania theluji.

Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Akamuuliza kiongozi wake ni nini kile. Yule hakuwa na jina la theluji. Alijibu tu kuwa ni baridi. Rebmann akalinasa neno kwa sikio la Kijerumani, akaandika “beredi”. Habari ilipofika London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Kwake hizo zilikuwa njozi za mmisionari. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken akaja na Richard Thornton, wakaupima mlima kwa pembe. Mwaka uliofuata Decken akapanda hadi mita 4,200 na ushei, theluji ikamwangukia. Cooley hakuridhika hata hapo. Kiongozi wa Rebmann alishamaliza kesi kwa neno moja, ila nani London angemsikiliza?

Baada ya theluji yakaja mabishano ya mita. Kuitaja nukta duniani kunahitaji namba tatu: latitudo, longitudo na kimo. Cha kusumbua ni kimo. Meyer alitegemea kipimo cha mgandamizo wa hewa na maji yanayochemka, kwani kileleni huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Akapata zaidi ya mita 6,000. Waingereza walitumia pembetatu. Kisha zikaja satelaiti: mita 5,892 mwaka 1999, 5,891 mwaka 2008, 5,899 mwaka 2014. Mlima haukuwa unapanda na kushuka. Satelaiti haiijui bahari. Hupima kutoka kwenye umbo laini la dunia lililotungwa kwa hesabu, na mtaalamu hulazimika kukadiria usawa wa bahari ungepita wapi chini ya mlima. Ukibadili makadirio, kimo kinabadilika.

Hata kwenye latitudo na longitudo mambo si shwari. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, uliotokana na mnyororo wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30, Afrika Kusini hadi Misri. Soma mahali ulipo kwenye simu, uhamishie kwenye ramani hizo bila kugeuza hesabu: utakosea kwa karibu mita 300 katika mwelekeo wa kaskazini-kusini. Shamba zima limehama.

Nguzo za saruji walizoacha wapimaji wa pembetatu hizo vilimani, hakuna anayeonekana kuzitunza. Niliyoiona karibuni ilikuwa imeng'olewa kibamba chake cha shaba, na mchunga mbuzi alikuwa ameanika shati juu yake.