Mshtuko wa kitamaduni

Mshtuko wa kitamaduni ni hali ya wasiwasi, uchovu wa akili na kupotewa na mwelekeo inayompata mtu anapohamia katika jamii ambayo ishara ndogondogo za maisha aliyoyazoea, kama vile namna ya kusalimu, kualika au kukataa bila kuudhi, hazifanyi kazi tena. Istilahi hiyo ilienezwa na Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada ambaye awali alifanya utafiti katika ufalme wa Ankole nchini Uganda. Katika mhadhara alioutoa Rio de Janeiro mwaka 1954, uliochapishwa mwaka 1960, alieleza kwamba kinachomwelemea mgeni ni kutoweka kwa ishara hizo, ambazo kila mtu huzitegemea tangu utotoni bila kuzifikiria.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayekwenda Ujerumani, kwa mfano, anaweza kujiandaa vyema kwa baridi, na hata kwa siku za Desemba ambazo jua la Berlin huzama kabla ya saa 10 jioni, na bado akajikwaa katika mambo ambayo hakuna aliyefikiria kumweleza. Kubwa kati ya hayo ni salamu. Kwa Waswahili salamu ni sehemu ya mazungumzo yenyewe: mdogo humwamkia mkubwa kwa shikamoo, huitikiwa marahaba, kisha hufuata habari za nyumbani, za kazi na za watoto, na anayekurupuka kueleza shida yake kabla ya hayo huonekana hakufunzwa adabu. Mjerumani aliye ofisini husalimu kwa neno moja na kuingia katika jambo lililomleta mtu, naye hadhani kwamba amekosa heshima, kwa kuwa kwake heshima imo katika kutompotezea mwenzake muda na katika kiwakilishi Sie, yaani namna ya kumwita asiyezoeana naye, kinachoandamana na jina la ukoo. Macho nayo huleta kutoelewana, kwani aliyelelewa kuyainamisha mbele ya mwalimu huweza kudhaniwa kuwa hasikilizi.

Saa huleta utata wa aina yake. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana tangu macheo, hivyo saa 3 asubuhi huandikwa 9:00 katika ratiba ya chuo. Kijerumani nacho husema halb acht, yaani "nusu ya nane", kwa maana ya 7:30, kwa sababu nusu hiyo hutazamwa kama sehemu ya saa inayoelekea kutimia, ilhali Mswahili wakati huohuo husema saa moja na nusu. Anayetafsiri hatua zote mbili kichwani huweza kukosea kwa saa nzima pasipo uzembe wowote. Isitoshe, mhadhara wenye alama c.t. huanza dakika 15 baada ya saa iliyoandikwa, na wenye s.t. huanza saa ileile.

Kupiga hodi kwa rafiki bila miadi, jambo ambalo pwani ni dalili ya mapenzi, Ujerumani humtia mwenyeji katika dhiki, na kelele baada ya saa 4 usiku huweza kuleta malalamiko ya majirani.

Uzoefu huu si mpya: Sayyida Salme wa Zanzibar, aliyehamia Hamburg mwaka 1867 na kujulikana kama Emily Ruete, alilinganisha maisha ya pande hizo mbili katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Kuhusu mwendo wa hali hii, Sverre Lysgaard, aliyewachunguza Wanorwe waliokaa Marekani kwa masomo, alionyesha mwaka 1955 kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na shida zaidi kuliko waliokaa muda mfupi au mrefu kuliko huo. Watafiti wa baadaye wameutilia shaka mwendo huo, kwa kuwa wengi huumia zaidi tangu siku za mwanzo. Ukweli usiopaswa kupuuzwa ni kwamba shida hurudi pamoja na msafiri: mhitimu anayefika kwao na kuanza na jambo lake kabla ya kuuliza habari za watoto huambiwa ameota mapembe, wakati anachofanya ni kutumia adabu aliyoipata kwa taabu ugenini.