Bodi-gamba: mfupa wa gari uko wapi?

Katika gereji nyingi za Malindi, "bodi" ni mabati tu: milango, boneti, buti, paa. Kinachobeba mzigo ni "chesisi". Mgawanyo huo unalifaa lori au Land Rover ya zamani, ambayo bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya fremu ya chuma. Kwa saluni za leo unapotosha, hasa mtu anapotaka kukata paa ale upepo kwenye barabara ya Watamu.

Saluni hizo wahandisi huziita monokoki, jina la Kifaransa lenye maana ya ganda moja. Hazina fremu ya peke yake: sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja, na kila kimoja kinabeba.

Lakini "ganda" kwetu ni kitu cha kumenywa na kutupwa. Napendekeza "bodi-gamba". Kaa wa mikokoni ya Mida hana mfupa ndani. Gamba ndilo mfupa wake, na misuli ya miguu imeshikilia humo.

Niliwahi kuona saluni iliyokatwa paa bila maandalizi. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole ulikwama: upenyo wa juu ulibana hata karatasi haipiti, wa chini ukaachama. Gari lilikuwa limebonyea katikati.

Si kwamba gari la wazi haliwezekani. Lancia Lambda ya Italia, iliyozinduliwa mwaka 1922, ilikuwa monokoki isiyo na paa gumu. Waundaji waliinua mbavu zake ili zibebe. Anayebadilisha saluni naye atafute nguvu pengine kabla ya kukata: achomelee vyuma vya kushikilia kwenye nafasi za milango, aongeze bamba kwenye vizingiti na mihimili ya kukatiza sakafuni, aimarishe fremu ya kioo cha mbele. Mkanda wa usalama ulioshikizwa kwenye nguzo upate shikizo jingine imara. Hata vani za watalii zinazoelekea Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala huinua paa huku nguzo zikibaki mahali pake.

Sheria nayo inaliona gamba. Aina ya bodi imeandikwa katika kumbukumbu za usajili chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Anayeibadilisha huijulisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari hukaguliwa. Kampuni ya bima nayo iambiwe mapema, kwani iliyoikatia bima ni saluni yenye paa.

Ndiyo maana nalipigania jina hili. Fundi akiambiwa "kata bodi" atawasha grainda. Akiambiwa "kata gamba", atauliza kwanza mfupa utahamia wapi.